Siku Niliyolipeleka Jina la Mtoto wa Kaka Yangu Redioni

Kuna watu pale Rwamishenye ambao mpaka leo nikipita huniuliza, "Projestus, barabara hajambo?" na mimi hujibu hajambo na kuendelea na safari yangu, kwa sababu nimeshakubali kwamba aibu ile ni yangu na hakuna mtu wa kumbebesha. Nimejaribu. Nilijaribu kumbebesha fundi Abdu, nikajaribu kumbebesha mtangazaji, na siku moja, nikiwa nimekunywa lubisi kidogo, pombe yetu ya ndizi, nikailaumu hata serikali kwa kutengeneza barabara. Hakuna aliyekubali. Kwa hiyo nawaeleza ilivyokuwa, na mkicheka chekeni tu, waliocheka kabla yenu ni wengi na wengi wao sijawahi hata kuwaona sura.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha darasa la sita (mwalimu alisema nauliza maswali mengi kuliko yeye, nikaona basi tusisumbuane), na tangu hapo nimechuma kahawa Kanazi, nimepakia ndizi kwenye malori, nimekaa visiwani miaka miwili nikianika dagaa, nimechimba Ijuganyondo msingi wa nyumba ambayo mwenyewe hakuijenga mpaka leo nyasi zimeota humo. Kila nilikokaa sikujaaliwa mali ila nilijua habari za kila mtu: nani kaoa wapi, kwa nini mlango wa fulani unaangalia migomba badala ya kuangalia njia, nani hamsalimii nani na tangu lini. Wengine wana pombe, wengine wana kamari, mimi nina maswali. Hata kwenye redio, kwenye vipindi vya salamu, nilikuwa najulikana kwa jina la Mzee wa Maswali, na nilijivunia, mjinga mimi.

Kaka yangu Evodius ni kinyume changu. Yeye alibaki nyumbani, Muleba, kwenye kibanja cha baba yetu, na ndizi zake na kahawa yake na mke wake Jovita, na maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mikono. Sasa miaka minne iliyopita Jovita alijifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa baba, na baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, Evodius akaja Bukoba kununua sufuria kubwa ya shughuli. Alinikuta kwenye kibanda cha fundi Abdu, pale Rwamishenye, ambapo nilikuwa nakaa kumsaidia kufungua simu na redio mbovu (kumsaidia ni neno kubwa, nilikuwa nashika bisibisi). Akaniita nje, chini ya mchirizi wa bati.

"Proje, mtoto tumempatia jina."

"Nani?"

"Lami."

"Lami ipi?"

"Lami ya barabarani."

Nilimwangalia nione kama anatania, lakini Evodius hajawahi kutania tangu nimjue. Nikamwuliza Tata anasemaje, maana kwetu baba ni Tata, na kwetu pia jina la mtoto halivuki kizingiti kabla halijapita kwa babu yake. Unakwenda, unakaa, analetewa kikapu cha akamwani, zile buni za kutafuna tunazompa mtu wa heshima, anatafuna, unamwambia, anakubali au anakataa. Akishakubali ndipo jirani anaambiwa. Jina likisikika njiani kabla ya hapo ni sawa na kumwambia mzee kwamba nyumba imeshapata mkubwa mwingine.

"Tata hajui," alisema Evodius. "Yeye anataka Mutalemwa, la baba yake. Ameshawatangazia watu kanisani kwamba Mutalemwa amerudi."

"Sasa?"

"Sasa nitamwambia Jumamosi. Uje. Ukae karibu yangu. Wewe unajua kuongea na Tata." (Baba yangu hunisikiliza mimi kama anavyosikiliza mvua juu ya bati, lakini ukilinganisha na Evodius, kweli, mimi ni mwanasheria.)

"Na kwa nini Lami?"

"Jovita hataki jingine. Akikataliwa hili, sijui nitaishi naye vipi mle ndani. Usimwulize kwa nini. Na mdomo wako, Proje."

"Mdomo wangu una nini?"

"Unaujua."

Nikamwahidi nitakuja na nitanyamaza, akajitwika sufuria akaondoka. Kutoka Jumatano mpaka Jumamosi ni siku tatu. Mtu mzima anaombwa anyamaze siku tatu, tena jambo lenyewe lina herufi nne.

Jumatano nilinyamaza. Alhamisi asubuhi nikaanza kuwaza, na mimi nikiwaza ndipo mambo huharibika. Niliwaza hivi: Jumamosi nitakaa mbele ya Tata kulitetea jina, Tata atatoa hoja, nami sina majibu kwa sababu hata sijui watu wa kawaida watalionaje jina lenyewe. Kwa hiyo kuuliza mtu mmoja tu, bila kutaja mtoto ni wa nani, si umbeya, ni maandalizi. Ndivyo nilivyojiambia. Nikamwuliza fundi Abdu.

"Fundi, mtu akimwita mwanawe Lami, utasemaje?"

Abdu alikuwa ameinamia simu na chuma chake cha kulehemu. Ni mtu wa mjini, babu yake alikuja kutoka pwani, na hukasirika taratibu kwa jambo lolote lisilo na utaratibu.

"Wa kiume?"

"Wa kiume."

"Hapana. Lami inakanyagwa na kila mtu, mpaka ng'ombe."

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri simu yake akasema yeye anaona ni zuri, fupi, mwalimu hatahangaika kuliandika. Kijana wa bodaboda aliyekuja kuchaji akasema kama ni kusifu basi hakuna kitu amewahi kukipenda maishani kama lami. Hapo ikawa wawili wanakubali, mmoja anakataa, na badala ya kutosheka ndiyo nikazidi kuwashwa, maana watu watatu si watu, nilitaka kujua Kagera nzima inasemaje.

Ijumaa asubuhi redio ya Abdu ilikuwa inanguruma kama kawaida, kipindi cha kupiga simu cha redio moja ya hapo mjini, mtangazaji ni dada mmoja aliyejulikana kwa jina la Shamimu, mcheshi, sauti yake kama mtu anayekuambia siri. Akasema mada ni huru, mwenye lake apige. Yangu haikuwa na salio, nikaazima simu ya Abdu. Sikilizeni, kwa miaka yote niliyopiga redio, mtu unapiga mara arobaini unaambiwa namba inatumika, unapiga mpaka kidole kinakufa ganzi. Siku hiyo iliita mara moja tu.

"Haloo, nani mwenzetu?"

"Mzee wa Maswali, Rwamishenye."

"Mzee wa Maswali! Ulipotelea wapi? Leo una swali gani?"

"Dada Shamimu, nawauliza wasikilizaji. Kuna mtu anataka kumpa mtoto wake wa kiume jina la Lami. Ni sawa au si sawa?"

Akacheka mpaka kipaza sauti kikakwaruza. "Lami? Hii hii?"

"Hii hii."

"Haya wasikilizaji, mtoto Lami, mnasemaje, simu ziko wazi."

Mpaka hapo nilikuwa salama. Ningekata simu wakati ule, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia, ningekuwa mtu na heshima yake. Lakini akaniuliza lile swali ambalo kila mtangazaji humwuliza kila mpigaji, na ambalo sisi tuliokua na redio za salamu hatulifikirii, mdomo hujibu wenyewe kama mguu unavyoruka daktari akiugonga goti: "Na ungependa kuwasalimia akina nani?"

Nikasema, tena kwa mbwembwe: "Namsalimia kaka yangu Evodius na shemeji yangu Jovita kule Muleba, pamoja na kichanga chao cha wiki mbili, baba yangu mzazi mzee Pontian popote alipo kibanjani, na wote wanaonifahamu."

Nikakata simu, nimeridhika. Abdu aliweka chuma chake chini.

"Projestus."

"Nini?"

"Umemtaja mtoto."

"Sijamtaja! Nimesalimia tu."

"Umeuliza jina la mtoto wa kiume, halafu ukasalimia kichanga. Hata mbuzi angeunganisha."

Sikupata nafasi ya kubishana kwa sababu simu zilianza. Wa kwanza alikuwa mzee wa Kanazi, akajitambulisha kuwa anaitwa Respicius, akasema kwa ukali kwamba mtoto apewe jina linaloeleweka, la mtakatifu, si vitu vya mkandarasi. "Respicius naye," alisema Abdu, "anataka jina linaloeleweka." (Mimi sikucheka sana, maana jina Projestus nalo, ukivuka mpaka wa mkoa wetu, hakuna karani anayeliandika mara mbili namna moja. Sisi tumebatizwa kwa kalenda. Ulizaliwa siku ya mtakatifu gani, huyo huyo, hata kama jina lake limekaa kama dawa ya minyoo.) Akapiga mwalimu mstaafu, akaeleza vizuri kwamba wazee wetu waliwaita watoto vita, njaa, mvua, hata maneno ya kuwasuta majirani waliowaonea wivu, kwa hiyo Lami ni mwendelezo tu. Nikaona huyo ndiye shahidi wangu wa Jumamosi, nikaandika hoja yake kwenye boksi la chaja.

Halafu wakaingia wachekeshaji. Mmoja wa Ijuganyondo akauliza kama mtoto atakuwa na matuta. Mwingine akasema mdogo wake aitwe Kifusi. Kibandani watu walianza kujaa, kwa sababu yule wa bodaboda alishatangaza kijiweni kwamba Mzee wa Maswali wa redioni ndiye yule pale kwa fundi, anaonekana kwa macho, na mimi, badala ya kujificha, nikakaa kwenye kigoda nikipokea sifa kama bwana harusi. Akapiga mwingine akasema, "Muwe waangalifu na jina hilo, lami za siku hizi hazimalizi miaka miwili, zinakufa." Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Niliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mimi. Nilijipiga paja.

Mpigaji aliyefuata alisema anapiga kutoka Muleba.

"Mimi ni jirani wa huyo Evodius aliyesalimiwa. Mzee Pontian ametuambia kwa mdomo wake kwamba mjukuu ni Mutalemwa. Sasa huyo Lami ni wa nani? Au kuna watoto wawili?"

Kicheko changu kikabaki mdomoni, hakiingii, hakitoki. Wakati huo huo simu yangu ikaita. Evodius.

"Uko wapi?"

"Kwa fundi. Evo, sikia, mimi sikumtaja..."

"Kaa hapo hapo usikilize." Sauti yake haikuwa na hasira, na ndiyo iliyonitisha. "Tata redio yake ameitundika kwenye mbuni. Ameacha kupalilia. Amekaa chini."

Akakata. Nikamwomba Abdu azime redio. Akasema redio ni yake, na wateja wanasikiliza. Na kweli walikuwa wanasikiliza, wamejazana mpaka barabarani, na Shamimu akasema, "Tunaye mwingine kutoka Muleba. Haloo? Haloo, ongea mpendwa."

Tukasikia mtoto mchanga akinung'unika karibu sana na simu.

"Mimi ni mama yake Lami," ilisema sauti. Ilikuwa ya Jovita.

Maneno yake nayakumbuka karibu yote. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Nawasalimia wote, nimewasikia wote. Nilikuwa na mtoto mwingine kabla ya huyu, miaka mitatu iliyopita. Uchungu ulinianza asubuhi na mvua inanyesha. Tukasubiri mvua ikatike. Haikukatika. Saa nane gari likaja likanichukua, likafika kwenye mteremko wetu likazama mpaka kwenye milango. Wakasukuma. Baba mkwe wangu alisukuma mpaka viatu vyake vikabaki humo kwenye tope, mpaka leo vipo humo. Mtoto alizaliwa ndani ya lile gari na hakulia. Mwaka huu pale pale wamemwaga lami. Safari hii nilitoka nyumbani nikafika hospitali sijamaliza rozari moja, na huyu alilia kabla hata hawajamfuta. Basi. Sikutaka kuwaeleza, nilitaka kumwita tu. Sasa mmeshajua."

"Dada Jovita," alisema Shamimu, na sauti yake ya siri ilikuwa imemwishia.

"Sijamaliza. Naomba kumsalimia shemeji yangu Projestus, hapo alipo kwa fundi. Mwambieni kesho aje kama alivyoahidi."

Akakata. Shamimu akaweka wimbo wa kwaya.

Pale kibandani hakuna aliyenitukana. Yule aliyekuwa amenishika bega tukicheka aliondoa mkono wake polepole, kama mtu aliyegundua ameegemea ukuta wenye rangi mbichi. Wa bodaboda akakumbuka ana abiria. Alibaki yule mama wa simu, aliyesema jana yake kwamba jina ni zuri na fupi. Akaniuliza, "Na wewe ulikuwa hujui?"

Nikamwambia sikujua. Nilikuwa visiwani. Nilitumiwa ujumbe kwamba Jovita amepoteza mtoto, nikajibu poleni sana, nikaendelea kugeuza dagaa juani. Niliporudi sikuuliza ilikuwaje. Mimi ninayeuliza mlango wa mtu kwa nini unaangalia migomba.

"Mtu wa maswali," alisema yule mama. Wala hakusema kwa kunisuta, alisema kama mtu anayeshangaa tu, na ningependa zaidi anizabe kibao.

Usiku ule nilifikiria kwenda Karagwe. Nilifikiria na Uganda. Asubuhi nikapanda gari la Muleba kwa sababu alisema mwambieni aje, na watu wote wa mkoa walisikia akisema, kwa hiyo hata huko Karagwe wangeniuliza mbona sikwenda. Niliposhuka barabara kuu na kuanza kupanda kwetu kwa miguu, juu ya lami yenyewe, bado nyeusi, pikipiki zilinipita zikipunguza mwendo ili wanione vizuri. Hapo ndipo nilipoulizwa kwa mara ya kwanza, "Mzee wa Maswali, barabara hajambo?"

Shughuli ilikuwa iwe ya watu wa nyumbani tu. Nilikuta uani watu kama wa msibani: majirani, katekista, wazee wa ukoo ambao hawajawahi kufika hata Krismasi, na watu wawili kutoka kijiji cha pili waliosema wamepita tu kusalimia. Kila aliyekuwa na maoni alikuja kuona maoni yake yamefikia wapi. Tata alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba, kikapu cha akamwani mapajani, hatafuni. Nikapiga goti kumsalimia. Hakuitika. Akanionyesha kwa kidole katikati ya uwanja.

"Simama pale."

Nikasimama.

"Wewe ulitafuta maoni," alisema. "Umeyapata. Tupe."

"Tata, nisamehe, mimi..."

"Sijakuomba msamaha. Nimekuomba maoni. Wa kwanza alisemaje?"

Na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, nikaanza kutoa taarifa kama mtoto anayesomewa matokeo mbele ya shule. Nikasema kuna mzee wa Kanazi amesema jina halina mtakatifu. "Mwingine?" Nikasema mwalimu mstaafu amesema ni mwendelezo. "Mwingine?" Nikasema ya matuta. Watu wawili watatu walicheka, halafu wakaona uso wa Tata wakakohoa. Nikasema ya Kifusi. "Mwingine?" Jovita alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, mtoto kifuani, ananiangalia bila kupepesa.

"Waliobaki ni mambo ya utani tu, Tata."

"Nilisikia redio kama wewe. Mwingine alisemaje?"

Nikasema. Nililisema lote, la lami zisizomaliza miaka miwili, mbele ya mama yake mtoto, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia vizuri, na Tata akaniambia nirudie, mzee wa nyuma hajasikia. Nikarudia.

"Na watu wakafanya nini?"

"Walicheka, Tata."

"Na wewe?"

"Nilicheka."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta kwenye gunia. Nikadhani sasa nafukuzwa. Lakini aliniacha pale pale nimesimama, akawageukia wengine, na akabadili lugha, akaongea Kihaya, polepole.

"Siku ile ya mvua," alisema, "nani alisema tusubiri ikatike?"

Evodius alikuwa anaangalia ardhi, na ndipo nikaelewa kwamba wiki nzima ile kaka yangu hakuwa anaogopa kumtajia baba jina. Alikuwa anaogopa kumtajia sababu.

"Ni mimi," alisema Tata. "Nilisema mimi. Jovita jana alisema tulisubiri. Hakusema nani. Mkoa mzima unasikiliza, angeweza kusema." Akasogeza kikapu pembeni. "Leteni mtoto."

Jovita akainuka, akamletea. Tata akampokea kwa ile mikono yake ya jembe, akatia buni mbili mdomoni, akatafuna mpaka akamaliza, nasi sote tunasubiri taya lake.

"Lami," alisema. Alilisema kama mtu anayejaribu kiatu kipya, anakanyaga taratibu kuona kama kinabana. Akalisema tena. "Lami. Halafu Mutalemwa litafuata nyuma."

Mutalemwa ni asiyeshindwa. Wanawake wakapiga vigelegele, na katekista, mtu wa utaratibu, akainua mkono akauliza, "Mzee, na la mtakatifu?"

"Tafuta wewe," alisema Tata. "Kalenda unayo."

Hapo ndipo watu wakacheka kwa ruhusa, lubisi ikaletwa, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya uwanja kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniambia nikae na sikuthubutu kuuliza.

Jovita hakunisemesha siku ile, isipokuwa mara mbili. Mara ya kwanza aliniwekea sahani ya ndizi akasema, "Shemeji, kula." Mara ya pili nilikuwa naaga. Alinifuata mpaka kwenye ukingo wa kibanja.

"Siku akiuliza kwa nini anaitwa hivyo," alisema, "utamweleza wewe. Mimi nimeshaeleza mara moja, inatosha. Umweleze yote. Na ya redio."

Nikasema ndiyo shemeji. Ningesema ndiyo hata kama angeniambia nirudi Bukoba kwa kutambaa.

Miaka ikapita, nami nikaendelea kuzunguka kwangu, ila simu za redio sijapiga tena, na mtu akiniuliza maoni yangu kuhusu jina lolote la mtoto yeyote nasema ni zuri, naulizia hali ya hewa. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, nimekaa na kisu namenya ndizi (nikiwa Muleba sasa namenya ndizi bila kuambiwa), Lami akaja akasimama mbele yangu. Ana miaka minne, kichwa kikubwa kama cha Tata.

"Baba mdogo, kwa nini mimi ni Lami?"

Nikaweka kisu chini nikamweleza. Nilimweleza yote kama nilivyoagizwa, mvua, gari, mteremko, na ya redio pia, na ya mimi kucheka. Kila nilipofika alinikatiza: gari lilikuwa rangi gani, viatu vya babu vilikuwa na kamba, tukichimba tutavipata? Nikajiona mimi mwenyewe nikiwa mdogo nikamwonea huruma mwalimu wangu wa darasa la sita. Nilipomaliza nikachukua tena kisu, nikadhani tumemalizana.

"Na yule mtoto wa kwenye gari," akauliza, "yeye aliitwa nani?"

Mkoa mzima ulishindana kumtafutia jina huyu aliye hai, nami nikiwa mbele, na kwa miaka yote hiyo haikunipitia akilini kwamba yule mwingine naye huenda mama yake alimwita kitu. Nikamwambia sijui.

Alinishangaa, mtoto wa miaka minne, kama yule mama wa simu alivyonishangaa. Halafu akakimbia jikoni kwa mama yake. Niliwasikia wakiongea kwa sauti ya chini. Akarudi anatembea taratibu, safari hii bila kukimbia, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa, akanishika shingo kwa mikono miwili akaweka mdomo sikioni kwangu.

"Mama amesema nikuambie wewe tu," alisema, na akalitaja.

Fundi Abdu ameshaniuliza. Evodius, nadhani, analijua, lakini hatujawahi kulisema kati yetu. Najua na ninyi mnasubiri, naona mlivyoinamisha vichwa. Msinisubiri, sitalisema.